Virusi vilivyolala ndani ya seli huamshwa na nini hasa?

Zamu_ya_Usiku

Wakuu, habari za kazi. Naomba tusaidiane. Chukueni wagonjwa watatu wa mfano. Wa kwanza ana miaka 62, aliugua tetekuwanga akiwa shule ya msingi, leo ana mkanda wa jeshi ubavu wa kushoto. Wa pili ana saratani ya tezi (limfoma), HBsAg (protini ya kirusi cha homa ya ini B) hasi, anti-HBc (kingamwili inayobaki kwa aliyewahi kuambukizwa) chanya, na wiki ijayo anaanzishiwa rituksimabu (dawa inayofuta seli B). Wa tatu ni mteja wa CTC (kliniki ya VVU), wingi wa virusi hausomeki miaka sita mfululizo, kaacha TLD (kidonge chenye dawa tatu za VVU), na baada ya wiki tatu virusi vimerudi kwenye damu.

Kila ukifungua kitabu unakuta "kinga ikishuka, virusi huamka". Sawa, lakini huyo wa tatu CD4 zake (chembe za kinga) ni 700. Na wapo watu wazima wenye afya tele wanaotoka vidonda vya homa mdomoni kila wakishinda juani. Kinga yao imeshuka wapi?

Ninachotaka ni undani: ndani ya seli ni nani anaifunga DNA ya kirusi, ni nani anaifungua, kwa nini dawa zinampata aliyeamka na kumwacha aliyelala, na sisi tulio zamu tumfanyie nini kila mmoja. Juisi na mizizi ya kuongeza kinga msiniletee, nimeshachoka nazo.

---

Fundi_wa_Seli

Mkuu, hao watatu usiwaweke kapu moja. Kirusi cha tetekuwanga hukaa kwenye seli za neva, DNA yake ikiwa duara linalojitegemea ndani ya kiini. Cha homa ya ini B hukaa kwenye seli za ini, nacho ni duara (cccDNA). VVU chenyewe hujishona ndani ya kromosomu ya chembe ya CD4. Wanachofanana ni hiki: hakuna hata kimoja chenye kimeng'enya chake cha kusoma DNA na kutoa RNA kikiwa kwenye kiini. Wote wanatumia cha seli. Seli isiposoma, kirusi kimenyamaza. Kwa hiyo anayekiamsha ni seli yenyewe inapobadili hali yake. Kinga huamua kitakachofuata baada ya hapo. Ukitenganisha mambo hayo mawili, maswali yako mengi yanajijibu.

Nitaeleza kwa kutumia hepesi ya mdomoni, HSV-1, maana ndiyo iliyochimbwa zaidi. Kirusi kikiingia kwenye ngozi ya mdomo, kinaikamata ncha ya seli ya neva na kupanda kwenye uzi wake mrefu hadi kwenye fundo la neva ya trijemino, ndani ya fuvu. DNA inaingia kwenye kiini ikiwa tupu, haina histoni (protini zinazoikunja DNA) hata moja. Kwenye seli ya ngozi, protini ya kirusi iitwayo VP16, iliyosafiri nacho, ingeshikana mara moja na protini mbili za seli, HCF-1 na Oct-1, na kuwasha jeni za mwanzo. Chini ya siku moja virusi wapya wanatoka. Kwenye neva mambo ni magumu kwa kirusi. Safari ni ndefu mno, VP16 haifiki ya kutosha, na HCF-1 yenyewe seli ya neva imeiweka nje ya kiini. Hapo seli inapata nafasi ya kuizungushia DNA ya kirusi histoni na kuzibandika alama za kufunga, H3K9me3 na H3K27me3. Linalobaki kusomwa kwa wingi ni eneo moja tu, LAT. RNA yake haitengenezi protini. Husaidia kudumisha ufungaji na kuizuia seli isijiue.

Sasa kuamka. Seli ya neva ya hisia inaishi kwa kupokea muda wote ishara ya kukuza neva (NGF). Ishara ikipungua, au seli ikipata msongo, njia ya PI3K na Akt inalegea na protini za msongo, DLK na JNK, zinawaka. Matokeo yake ni kitu kidogo sana: fosfeti moja inabandikwa kwenye histoni H3, kwenye serini namba 10, jirani kabisa na ile alama ya kufunga iliyo kwenye namba 9. Alama ya kufunga haijatolewa, ipo palepale, ila protini iliyokuwa ikiikamata haipati tena pa kushika. Kwa saa kadhaa jeni za kirusi za makundi yote zinasomwa ovyo, bila ule mpangilio wake wa kawaida wa mwanzo, kati na mwisho. Hiyo ni awamu ya kwanza, na mara nyingi inaishia hapo. Awamu ya pili inahitaji VP16 mpya iingie kwenye kiini na vimeng'enya vya seli viziondoe kabisa zile alama. Ni baada ya hapo tu ndipo virusi kamili vinaundwa na kushuka tena kwenye uzi uleule hadi kwenye mdomo uleule. Ndiyo maana kidonda hurudia sehemu moja.

Jua je? Miale ya UV ikiunguza ngozi, seli za ngozi hutoa IL-1β. Kwenye neva za panya maabara imeonyeshwa kwamba IL-1β huzifanya neva zirushe umeme kupita kiasi, na huko kurusha umeme peke yake kunatosha kufungua njia ya JNK. Hapo kinga haijashuka hata kidogo. Tena ni ishara ya kinga yenyewe iliyoifungua DNA ya kirusi. Homa kali na upasuaji unaoigusa neva ya trijemino vinajulikana vilevile kuwa vichocheo.

Walinzi nao wapo. Ukipasua fundo la trijemino la mtu mwenye HSV-1 unakuta seli T za CD8 zimezizingira baadhi ya neva. Zingekuwa zinaua kila neva inayoonyesha dalili ya kirusi tungebaki na uso uliokufa ganzi, kwa sababu neva hizo hazizaliwi upya. Kwa panya imeonekana zinarusha granzaimu B, kimeng'enya cha kukata protini, ndani ya neva, nayo inaikata ICP4, protini ambayo kirusi hakiwezi kusonga mbele bila yake. Neva inabaki hai, kirusi kinarudishwa usingizini. Kinga ikidhoofika, kirusi ambacho kingeishia awamu ya kwanza kinapita. Hicho ndicho kipande cha ukweli kwenye ile sentensi ya kitabuni.

Kuhusu dawa: asiklovia ikimezwa haina makali. Lazima kwanza iongezewe fosfeti na kimeng'enya cha kirusi (thaimidini kinasi), kisha vimeng'enya vya seli vinaiongezea mbili nyingine, ndipo inapokwamisha unakili wa DNA ya kirusi. Kirusi kilicholala hakitengenezi kimeng'enya hicho na hakinakili DNA. Dawa inapita kwenye neva hiyo bila kugusa chochote. Uzuri wake ni huohuo: haidhuru seli zisizo na kirusi kilichoamka. Ubaya wake ni huohuo pia.

---

Tabibu_wa_Ngozi

Fundi kamaliza ya hepesi. Niongeze mkanda wa jeshi, maana ndio unaotukuta kila wiki.

Kwamba mkanda wa jeshi ni tetekuwanga ileile iliyoamka, hoja hiyo iliwekwa sawasawa mwaka 1965 na Edgar Hope-Simpson, daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester, Uingereza, aliyewafuatilia wagonjwa wa eneo lake kwa miaka mingi. Tofauti kubwa na hepesi ni hii: tetekuwanga inaenea mwili mzima, kwa hiyo kirusi kinapata nafasi ya kujificha kwenye mafundo ya neva yote kuanzia kichwani hadi kiunoni. Ndiyo sababu mkanda unaweza kutokea popote, ingawa kifuani ni zaidi. Na kinachokizuia ni seli T. Kingamwili za kwenye damu hazisaidii hapa. Mzee anaweza kuwa nazo tele na mkanda ukamtoka. Seli T dhidi ya kirusi hiki hupungua kadiri umri unavyopita 50, hata kwa mtu asiye na ugonjwa wowote.

Mgonjwa wako wa miaka 62: maumivu ya kuungua au kuchoma yanatangulia vipele kwa siku moja hadi tano. Hapo ndipo watu wanapotibiwa nimonia, ugonjwa wa moyo au mawe kwenye figo. Vipele vikitoka upande mmoja, vimefuata ukanda mmoja wa neva, haviruki katikati ya mwili, huhitaji kipimo cha maabara. Anza asiklovia mg 800 mara tano kwa siku, siku 7, ndani ya saa 72 tangu vipele vya kwanza. Ukiwa na valasiklovia ni g 1 mara tatu kwa siku, siku 7, na ndiyo ninayoipendekeza kwa sababu mara tano kwa siku watu wengi hawaiwezi. Dozi ya usiku ndiyo inayorukwa. Saa 72 zikipita lakini malengelenge mapya bado yanatoka, anza tu.

Kosa ninaloliona mno ni kuandika mg 200 mara tano. Hiyo ni dozi ya hepesi. Kirusi cha tetekuwanga kinahitaji dawa nyingi zaidi mwilini ili kizuilike, kwa hiyo mg 200 ni sawa na kutotibu.

Angalia pua. Kipele kwenye ncha au ubavu wa pua ina maana tawi la neva linaloingia jichoni limehusika. Huyo anaonwa na daktari wa macho siku hiyohiyo, hata kama jicho halijawa jekundu. Vipele sikioni na uso kupooza upande mmoja, vivyo hivyo, usimwambie arudi Jumatatu. Vipele vikivuka kanda zaidi ya mbili au vikisambaa mwilini, mlaze: asiklovia ya mshipa mg 10 kwa kilo kila saa 8, itiririke kwa saa nzima na maji ya kutosha. Ukiisukuma haraka inaganda kuwa fuwele kwenye mirija ya figo.

Mkanda kwa kijana: pima VVU siku hiyo. Shirika la Afya Duniani linauweka kwenye hatua ya 2 ya ugonjwa. Na mtu aliyeanza ARV miezi michache iliyopita akitokewa na mkanda, usikimbilie kusema dawa zimeshindwa. Kinga inapojijenga upya hilo hutokea. Aendelee na ARV.

Maumivu yakizidi siku 90 ni neva iliyoharibika, asiklovia haina kazi tena pale. Amitriptilini mg 10 hadi 25 usiku, panda taratibu. Kwa mzee uliza kwanza kuhusu moyo, presha ya macho na kukojoa kwa shida. Gabapentini ni mbadala. Prednisoloni haizuii maumivu hayo ya muda mrefu, ingawa bado inaandikwa kwa kusudi hilo.

Na waambieni ndugu zake: majimaji ya malengelenge yanaweza kumwambukiza tetekuwanga asiyewahi kuugua, hasa mjamzito na kichanga, mpaka vipele vikauke na kufanya magamba. Mkanda wenyewe hauambukizwi.

---

Zamu_ya_Usiku

Asanteni sana, hii ya IL-1β imenifungua macho. Dokta, chanjo ya mkanda je, ina kirusi hai ndani? Na nani atanisaidia kwenye homa ya ini? Hapo kwa kweli watu wanasema "alishapona, HBsAg hasi, endeleeni na kemo".

---

Tabibu_wa_Ngozi

Ya zamani, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2006, ilikuwa na kirusi hai kilichodhoofishwa. Shingrix, iliyoruhusiwa huko mwaka 2017, ina protini moja tu ya kirusi (gE) na kichangamsha kinga. Dozi mbili, zikipishana miezi 2 hadi 6, kwa wenye miaka 50 na zaidi. Kwa kuwa haina kirusi hai, hata wenye kinga dhaifu wanapewa. Haiondoi kirusi kwenye neva. Inazirudisha tu zile seli T kwenye idadi ya ujanani.

---

Ini_na_Damu

"Alishapona" ndiyo sentensi inayoua kwenye wodi za saratani. Ngoja niieleze taratibu.

Mtu akipata homa ya ini B na kuishinda, HBsAg inatoweka na anti-HBc inabaki. Lakini kwenye seli kadhaa za ini cccDNA imebaki, imezungushiwa histoni kama DNA ya seli yenyewe, na inaweza kukaa maisha yote. Inayoizuia isizae ni ushirikiano wa seli T na seli B. Rituksimabu inafuta seli B kwa miezi mingi. Mwenye HBsAg hasi na anti-HBc chanya akipewa rituksimabu bila dawa ya kumkinga, uwezekano wa kirusi kuamka unazidi 10 kwa 100. Mwenye HBsAg chanya, ni mkubwa zaidi ya hapo. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kwenye dawa hiyo mwaka 2013 kwa ajili hiyo.

Steroidi zina ubaya wa pande mbili. Zinapunguza walinzi, na wakati huohuo DNA ya kirusi ina kipande kinachotambuliwa na kipokezi cha steroidi, kwa hiyo zinaichochea isomwe moja kwa moja. Prednisoloni mg 20 au zaidi kwa siku, wiki nne au zaidi, kwa mwenye HBsAg chanya ni hatari kubwa.

Mtiririko wake ndio unaowadanganya watu. Kwanza DNA ya kirusi inapanda kwenye damu, mgonjwa hana dalili, ALT (kimeng'enya kinachopanda ini likiumia) ni ya kawaida. Wiki kadhaa baadaye ALT inapanda. Manjano huja mwisho. Mara nyingi pigo kubwa linatokea kemo ilipokwisha na kinga inarudi: inakuta seli za ini zimejaa kirusi na inazishambulia zote kwa pamoja. Ukisubiri manjano umechelewa. Kuanza tenofovia wakati huo ni lazima, lakini ini huenda limeshashindwa.

Kwa mgonjwa wako wa pili fanya hivi. Pima HBsAg na anti-HBc kabla ya dozi ya kwanza, na kabla ya kumwongezea damu au kumpa immunoglobulini. Damu ya mtu mwingine inaweza kumletea anti-HBc isiyo yake, ukabaki unajiuliza. Kumbuka kile kipimo cha haraka cha kuchoma kidole kinasoma HBsAg tu. Anti-HBc inahitaji ELISA au mashine, kwa hiyo "homa ya ini hasi" kwenye kadi haikutoshi. Ikiwa anti-HBc ni chanya kama ulivyosema, tuma kipimo cha DNA ya kirusi kama kipo, lakini usisubiri majibu yake kuanza dawa ya kumkinga. Mpe tenofovia mg 300 kwa siku (angalia kreatinini) au entekavia mg 0.5 kwa siku, aanze kabla ya rituksimabu au siku hiyohiyo. Aendelee angalau miezi 12 baada ya dozi ya mwisho ya rituksimabu. Kwa kemo nyingine angalau miezi 6. Akiacha, ALT na DNA ya kirusi vifuatiliwe kila miezi mitatu kwa mwaka mzima, kwa sababu kwa wengine kirusi huamka baada ya dawa hiyo ya kinga kusimamishwa. Kuwa na anti-HBs (kingamwili dhidi ya HBsAg) kwenye damu kusikufanye umnyime dawa hiyo ya kinga anapopewa rituksimabu.

Lamivudini peke yake iacheni. Kirusi huizoea haraka: takribani mmoja kati ya watano ndani ya mwaka mmoja.

Watu wazima wa hapa kwetu waliozaliwa kabla chanjo ya homa ya ini B haijaingizwa kwenye ratiba ya watoto, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi wamekutana na kirusi hiki. Anti-HBc chanya siyo ajabu. Pimeni.

Na hili mnaofanya kazi CTC mlishike: TLD ina dawa mbili zinazoibana homa ya ini B, tenofovia na lamivudini. Mteja mwenye virusi vyote viwili akiacha TLD, ini linaweza kulipuka kabla hata CD4 hazijashuka. Vilevile ukimhamishia sindano za kabotegravia na rilpivirini, hakuna hata moja inayogusa kirusi cha homa ya ini B. Kipimo cha HBsAg kinatangulia uhamisho wowote.

---

Duka_la_Dawa_Kona

Naunga mkono ya steroidi. Tatizo la mtaani ni deksamethasoni zinazomezwa ili mtu anenepe au maungo yasiume. Mtu akisema anakunywa "vidonge vidogo tu", pigeni hesabu: vidonge sita vya mg 0.5 ni mg 3 kwa siku, sawa na prednisoloni mg 20. Mwezi mmoja wa hivyo tayari ameingia kwenye kiwango alichotaja Ini_na_Damu. Ulizeni pia kuhusu dawa za mitishamba za baridi yabisi, baadhi zimechanganywa steroidi.

Kwenye asiklovia mg 800, mgonjwa wa figo: kreatinini klirensi ikiwa kati ya 10 na 25, mpe kila saa 8, chini ya 10, kila saa 12. Mzee akianza kuchanganyikiwa au kutetemeka siku ya pili ya dawa, fikiria figo kabla ya kufikiria ubongo.

---

Maabara_ya_CD4

Nimjibu huyo wa tatu, maana ndiye anayeonyesha kwa nini "kinga ikishuka" haitoshi.

VVU hulala kwenye chembe za CD4 za kumbukumbu zilizotulia. Chembe iliyotulia imeziacha NF-κB na NFAT, protini za kuwasha jeni, nje ya kiini, na VVU vinazihitaji hizo kuwasha jeni zake. P-TEFb, kifaa kinachosukuma usomaji wa DNA usonge mbele, nacho kimeshikiliwa na HEXIM1 na RNA iitwayo 7SK. Kimeng'enya cha kusoma kinaanza, kinasoma herufi chache, kinakwama. Ile chembe ikikutana na adui inayemtambua, tuseme kipande cha bakteria wa TB, inazinduka kwa ajili ya kazi yake: NF-κB inaingia kwenye kiini, P-TEFb inaachiwa. RNA chache ndefu zinatoka, kirusi kinatengeneza protini yake Tat, Tat inakamata P-TEFb na kuileta kwenye RNA ya kirusi, usomaji unaongezeka, Tat inaongezeka. Baada ya hapo hakuna kurudi nyuma kirahisi.

Sasa sikiliza: hili linatokea kwa chembe chache kila wakati, hata kwa mtu anayemeza TLD bila kukosa. Hakuna dawa ndani ya TLD inayozuia chembe isizinduke. Tenofovia na lamivudini zinazuia RNA ya kirusi isigeuzwe kuwa DNA, dolutegravia inazuia DNA hiyo isishonwe kwenye kromosomu. Zote zinafanya kazi kwenye chembe *inayofuata*. Chembe iliyoamka inatoa virusi, vinafika kwa jirani, vinakwama, mchezo umekwisha. Mteja wako alipoacha dawa hakukiamsha kirusi chochote. Kilichobadilika ni kwamba kile kilichoamka siku hiyo, kama siku nyingine zote, kilipata njia. CD4 700 hazikumsaidia kwa sababu hizohizo ndizo chakula. Wiki mbili hadi tatu ndio muda wa kawaida wa virusi kuonekana tena.

Ukubwa wa maficho: tafiti tatu za mwaka 1997 zilionyesha kirusi hai kinabaki kwenye chembe hizi hata dawa zikifanya kazi vizuri. Ni takribani chembe moja katika milioni moja ya CD4 zilizotulia. Nusu yake inachukua karibu miezi 44 kutoweka. Ukipiga hesabu, kuisha yote ni zaidi ya miaka 70 ya kumeza dawa. Mbaya zaidi, chembe hizo zinagawanyika na kurithisha kirusi bila kukiamsha. Mtoto wa Mississippi, Marekani, aliyeanzishiwa dawa akiwa na saa kama 30, alikaa miezi 27 bila dawa na bila virusi kuonekana, kisha mwaka 2014 vikarudi.

Wazo la kuviamsha vyote kwa makusudi ili viuawe limejaribiwa. Vorinostati mg 400, dawa inayolegeza histoni, mwaka 2012 ilionyesha RNA ya kirusi inapanda kwenye chembe zilizotulia. Maficho hayakupungua. Jaribio la RIVER la Uingereza liliongeza na chanjo, halikupata tofauti na ARV peke yake. Kuamsha peke yake hakuui: chembe inatoa RNA kidogo, haionyeshi protini ya kutosha kwa CD8 kuiona, kisha inalala tena.

Mnaotaka kuliona hili kwa macho maabara, seli za J-Lat zina VVU vilivyolala vyenye jeni ya rangi ya kijani. Wape TNF-α (ishara ya kinga inayoamsha seli) ng 10 kwa ml, saa 24, kisha soma kwenye flosaitomita (mashine inayohesabu seli zinazong'aa). Sehemu tu ya seli zitawaka, hata zote zikiwa na kirusi kilekile kilichoshonwa mahali palepale. Wanaoanza hukosea kwa kuhesabu seli zilizokufa. Nazo hung'aa kijani. Weka rangi ya kutenga wafu na bakuli lisilo na TNF-α pembeni. Na usipime maficho ya mgonjwa kwa PCR ya DNA peke yake: zaidi ya 90 kwa 100 ya DNA ya VVU mwilini ni mabovu, hayawezi kuzaa kirusi.

Kwa kazi ya zamu: mteja akirudi, mrudishe kwenye TLD siku hiyo ikiwa hana dalili za TB ya ubongo au homa ya uti wa mgongo ya fangasi, pima HBsAg na ALT, kisha wingi wa virusi baada ya miezi mitatu ya kumeza vizuri. Na anayemeza vizuri akisoma nakala 80 au 120 za kirusi kwa ml mara moja halafu ikashuka tena, usimgombeze. Dawa haijashindwa.

---

Zamu_ya_Usiku

Maabara, hapo kwenye "chembe inayofuata" nimeelewa kitu nilichokikosa muda mrefu. La mwisho: malaria je? Nimesikia inaamsha kirusi cha Epstein-Barr, na kwamba ndiyo uvimbe wa taya wa watoto wa Ziwa. Kama ni kuamka, asiklovia isingesaidia?

---

Fundi_wa_Seli

Malaria inakiamsha, ndiyo. EBV hulala kwenye seli B za kumbukumbu. Seli B ikigeuka kuwa kiwanda cha kingamwili, swichi ya kirusi, BZLF1, inawashwa. Swichi hii ina tabia ya kipekee: protini yake hushika vizuri zaidi DNA iliyobandikwa alama za methili, yaani zilezile alama ambazo kwa jeni nyingine ni za kufunga. Vimelea vya falsiparamu huchochea seli B kwa wingi; kipande kimoja cha protini yao ya PfEMP1, kiitwacho CIDR1α, kimeonyeshwa maabara mwaka 2007 kikiamsha EBV kwenye seli B. Utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta watoto wa Kisumu, ambako malaria iko mwaka mzima, wana EBV nyingi kwenye damu kuliko wa Nandi, ambako hutokea mara chache tu.

Uvimbe wenyewe ulielezwa na Denis Burkitt akiwa Mulago, Kampala, mwaka 1958, na ni sampuli za kutoka Uganda zilizowawezesha Epstein, Achong na Barr kukiona kirusi mwaka 1964. Lakini kuamka kunaongeza tu idadi ya seli B zenye kirusi. Ndani ya uvimbe, kirusi kimelala fofofo: seli za saratani zinatengeneza protini moja tu ya EBV, EBNA1, inayoing'ang'aniza DNA ya kirusi kwenye kromosomu ili igawanywe kila seli inapogawanyika. Unakili huo unafanywa na vimeng'enya vya seli. Kimeng'enya cha kirusi cha kuiwasha asiklovia hakipo, kwa hiyo dawa haina pa kuanzia.

Mtoto mwenye taya lililovimba kwa siku chache na meno yanayolegea apelekwe akatolewe kipande cha nyama cha kupimwa na aanzishiwe kemo mapema, kwani uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. EBV chanya kwenye damu yake haikuambii chochote, karibu kila mtoto wa eneo hilo anayo. Anapoanza kemo mpeni maji mengi na alopurinoli, fuatilieni potasiamu na figo siku tatu za mwanzo, kwa sababu seli zinakufa kwa wingi mno kwa mpigo.